Uzi wa Ubavuni

Watoto yatima kumi na mmoja kutoka mjini walipangwa mstari ndani ya ghala la pamba, na wakulima wakapita wakiwashika viganja. Mwenye sugu ndiye aliyepata nyumba upesi.

Tausi alikuwa nazo. Viganja vya Kibibi, mdogo wake, vilikuwa laini, kwa sababu kazi zake zote alizifanya Tausi. Kwa hiyo asubuhi ile, ndani ya treni, aliposikia kwamba watakaguliwa viganja, Tausi alikuwa ameshona gauni lake na la Kibibi pamoja, ubavu kwa ubavu.

Mwanamke mmoja akamshika Tausi kiganja, akakikubali. Alipomvuta, Kibibi naye akaja.

“Na huyu?”

“Mdogo wangu, mama.”

“Kila nyumba mtoto mmoja, Bi Mashavu,” karani aliyekuwa akiandika majina mlangoni alisema bila kuinua uso. “Huyo mwingine atarudi mjini.”

Kibibi akaanza kutetemeka, na gauni likamtetemesha Tausi pia.

Bi Mashavu akapiga magoti. Akaupapasa mshono kwa kidole gumba, kutoka kwapani hadi kwenye pindo, polepole, kama anayetafuta kosa.

“Nani kashona?”

“Mimi.”

“Uzi ulikuishia. Hapa chini panafumuka.”

Akafungua fundo la kanga yake, akatoa kitu kidogo cha chuma kilichong'aa. Tausi akafumba macho, akamkamata mdogo wake mkono. Akahisi gauni linavutwa ubavuni, mara moja, halafu tena, uzi mpya ukipita kwenye mshono.