Hundi ya Selestine

Maneno yalianzia kisimani, na Wegesa alishindwa kuyatoa kichwani: Selestine hajawahi kulipa deni kwa mali yake mwenyewe.

"Hulipa kwa mali ya nani, basi?" aliuliza.

Wanawake walicheka, wakajitwika ndoo zao, wakaondoka.

Wakati huo hundi ilikuwa imesharudi. Wegesa alikuwa amemwuzia Selestine maksai watatu wa marehemu mume wake. Watu walipohamishiwa kijiji kipya hapakuwa na nafasi ya boma kubwa, na tena Waisiko, binti yake wa pekee, alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari Musoma. Msichana mmoja kijiji kizima. Shule ilitaka sanduku, godoro, shuka mbili, viatu vyeusi, na bado nauli. Selestine akatoa kalamu, akaandika hundi, akaipuliza wino ukauke. Wegesa hakuona ubaya. Selestine na marehemu walitahiriwa siku moja. Waisiko alimwita baba, kama mila inavyotaka.

Kule Musoma karani wa benki aliisukuma hundi kwa kidole kimoja, ikarudi chini ya dirisha.

"Mama, huku hana kitu. Alikuandikia tu."

Nauli ya basi ikaenda bure, kwenda na kurudi kijijini Nyambureti.

"Hundi haiozi, shemeji," Selestine alimwambia. "Itunze."

"Mtoto hatalalia hundi bwenini."

"Njoo Jumatatu."

Jumatatu alikuwa ameenda Sirari. Jumatatu nyingine mke wake alisema bwana anaumwa, na huku kicheko cha bwana kinasikika nyuma ya nyumba. Wegesa akaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akasema hayo ni mambo ya shemeji na shemeji, wayamalize wenyewe. Akarudi nyumbani na hasira mpaka akatia chumvi mara mbili kwenye mboga. Na shule zilikuwa zinafunguliwa mwezi uleule.

Mara ya mwisho alikwenda akaketi mlangoni kwa Selestine tangu asubuhi, hundi mkononi, akimwonyesha kila apitaye. Alasiri Selestine akatoka.

"Umeniaibisha vya kutosha. Utakubali ng'ombe?"

"Hata mbuzi nitakubali. Wangapi?"

"Sita."

Wegesa akarudia hesabu kichwani. Aliuza watatu.

"Waliozidi ni wa usumbufu wako," Selestine alisema. "Marehemu angetaka hivyo. Ila pika pombe, shemeji. Watakaowaleta wanatoka mbali, Ringwani huko. Wasirudi na koo kavu."

Pombe ikapikwa. Ng'ombe wakaletwa na vijana wanne pamoja na mzee mmoja mwenye fimbo nyeusi, jina lake Heche. Wegesa alidhani ndiye aliyewauza. Waliingizwa bomani mmoja mmoja, Selestine akiwahesabu kwa sauti ili majirani wasikie. Jambo hilo lilimpendeza Wegesa. Deni lilipwe mbele ya watu.

Waisiko akaleta maji ya kunawa, akapiga goti.

"Shikamoo baba. Shikamoo babu."

"Ndiye huyu?" mzee Heche aliuliza.

"Ndiye," Selestine akajibu.

Wegesa akatabasamu. Kumbe habari za mtihani zimefika hadi Ringwani.

"Huamka mapema?" mzee aliuliza tena.

"Kabla ya jogoo," Wegesa akamjibu mwenyewe. "Huyu hasukumwi."

Mzee akacheka, akavuta funda la pombe, akalipuliza kizingitini kama baraka. Wegesa akashukuru. Kisha akaichana ile hundi mbele yao wote, akatia vipande motoni, na kwa mara ya kwanza tangu masika akalala bila kuwaza.

Ng'ombe wawili aliwauza juma lile. Akanunua sanduku la bati la kijani, godoro, shuka, viatu. Siku ya safari sanduku lilikuwa mlangoni tangu alfajiri, jina la Waisiko limeandikwa juu yake kwa rangi nyeupe. Mama na mwana wakakaa juu ya godoro lililokunjwa, wakisikiliza honi ya basi.

Badala ya honi wakasikia njuga na vigelegele.

Mzee Heche aliingia langoni, wanawake wa kwao nyuma yake, na Selestine nyuma ya wanawake. Mzee akalitazama sanduku, akaligonga kwa fimbo yake nyeusi, akaridhika.

"Umefanya vizuri, mama mkwe," alisema. "Wengine hutupatia mke bila hata shuka."

Mama mwenye binti na aepuke haya:

Hundi, hata ya mtu wa karibu.

Kufurahi akilipwa zaidi ya anachodai.

Kupokea ng'ombe kabla ya kuuliza wametoka boma la nani.

Kupika pombe ya deni.

Kumwambia mgeni binti yake huamka saa ngapi.