Kitanda cha Nne

Programu ya kengele ilikuwa imeuawa tena alfajiri, na fundi Ngalula aliapa hatoki pale kliniki kabla ya kumjua muuaji.

Programu hiyo ndiyo iliyochunga pumzi za wagonjwa sita wa wodi ya oksijeni, hapa katika mtaa uitwao Kenya, mjini Lubumbashi. Pumzi ikipungua, inapiga kelele. Ikifa yenyewe, skrini inakuwa nyeusi na hakuna anayesikia lolote. Na kwenye kitanda cha nne alilazwa baba yake, mzee Ntumba. Usifikiri alikimbilia mshahara.

"Nimuone papa kwanza," alisema alipofika.

"Iko analala, yaya," alijibu muuguzi Falonne, akimwita dada mkubwa kwa heshima huku akiuziba mlango wa wodi. "Tengeneza kwanza mashini. Baba mukubwa iko mu njia, anatoka Likasi. Mutaingia pamoja."

Basi akakaa mbele ya kompyuta, katika kachumba kando ya wodi. Falonne akamletea chai, kisha mkate, kisha chai nyingine. Jamani, wauguzi wetu hawana desturi hiyo, lakini Ngalula hakuinua macho.

Muuaji alipatikana upesi. Alikuwa kiini chenyewe cha mfumo, kile mafundi wa hapa wanachokiita noyau, kinachozigawia programu zote kumbukumbu ya kompyuta. Kumbukumbu ikiisha, kiini huchagua programu moja nene na kuiua ili mashine nzima isianguke. Sasa ilibaki kujua nani anaimaliza.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Ndani ya kiini kulikuwa na kipande cha programu kilichokopa kumbukumbu kidogo kwa kila pumzi iliyopimwa, na kurudisha hakirudishi. Ngalula alikisoma mstari kwa mstari mpaka hasira ikampanda. Mjinga aliyekiandika alikiamuru kirudishe siku mgonjwa anapofutwa kwenye mashine, si kabla. Na wagonjwa wa wodi ile hulala majuma mazima.

Akaandika amri mpya: pumzi ikishahesabiwa, kumbukumbu yake irudi papo hapo. Akawasha. Skrini ikaamka, namba zikacheza, kumbukumbu ikatulia. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Leo baba yake angelala akichungwa.

Lakini vitanda vilivyoonekana vilikuwa vitano.

"Falonne, kuko kosa ingine," aliita. "Kitanda ya ine haionekane."

Akafungua rekodi za mashine za asubuhi, za kabla hajagusa kitu. Vitanda vitano havikuwa vimerudisha hata chembe ya kumbukumbu. Cha nne kilikuwa kimerudisha yote.

"Ona, hii ilirudisha yote mbele miye nifike," alisema, akikuna kichwa. "Sijue juu ya nini. Ngoja nitafute."

Falonne hakuiangalia skrini. Alimwangalia baba mkubwa, aliyeingia wakati ule na vumbi la njia kwenye viatu, shangazi wawili nyuma yake. Mzee alivua kofia.

"Tumefika bote," alisema. "Mumuambie."

Falonne akaweka mkono begani mwa Ngalula.

"Haiko kosa, yaya. Asubui skrini ilikuwa nyeusi, hatukusikia kitu. Ni miye nilimufuta papa."