Milimita Kumi

Remigia alipiga magoti kwenye matope, akautazama mpira wa kupitisha mafuta ya breki nyuma ya gurudumu la mbele. Ulikuwa na tope kavu kote, isipokuwa mstari mmoja uliong'aa pale tairi jipya lilipousugua.

Tairi lake lilikuwa limepasuka, na fundi alikuwa na mawili tu: moja la upana uleule, lililokwisha hadi nyuzi zinaonekana, na hili jipya, pana zaidi kwa milimita kumi.

"Linagusa ukikata kona mpaka mwisho tu, dada," alisema fundi, akihamisha majani ya koka aliyokuwa akitafuna kutoka shavu moja hadi jingine. Akalinyunyizia pombe kidogo kwa heshima ya Mama Ardhi, ailinde safari.

"Na huku kwenye miteremko ya Yungas kuna kona gani nyingine?"

Fundi alicheka, kisha akatazama juu. Mvua ilikuwa imeanza kushuka mlimani.

Ndani ya gari mama yake Remigia alikohoa, akafuta damu mdomoni kwa ncha ya shali. "Unachagua tairi au mchumba? Hospitali hainifuati hapa."

Remigia alizitazama zile nyuzi, kisha ule mstari. Kwenye utelezi, tairi lililokwisha lingewatupa korongoni. Hili jipya huenda likawafikisha.

Akawasha gari.

Kona za mwanzo alizipita kwa uangalifu, akiukata usukani nusu kila alipoweza. Kisha ikaja kona iliyojikunja kama kiwiko, naye akaukata wote. Msuguo ulisikika, ukakoma ghafla.

"Punguza mwendo, mwanangu," mama yake alisema.

Mguu wa Remigia ulikuwa umekwisha kuikanyaga breki hadi sakafuni.