Halafu?

Mahona hakuwahi kuiona ile tamthilia ya mwalimu aliyepotea. Miezi mitatu mkewe alipokuwa hoi kitandani, kila jioni alimtuma kwenye kibanda cha video hapo Dutwa, akamwangalizie. Mzee alikuwa akiishia kilabuni, kisha anarudi na uongo wake: mara ng'ombe kamwamkia polisi "Mwangaluka," mara marehemu anapiga simu kutoka kabatini.

"Halafu?" mkewe alikuwa akiuliza, kamshika kidole gumba.

Leo, wiki mbili baada ya mazishi, kaingia kibandani kweli. Sehemu nne mfululizo, mdomo wazi. Treni inapita ndani ya kanisa, birika linalia kama mtoto, naye hataki kutoka. Ila ng'ombe hamna.

"Nilimdanganya mama wa watu," akamwambia mwenye kibanda. "Kafa hajui mwalimu alikwenda wapi."

"Babu, mbona bibi aliimaliza yote kabla hajaugua? Alikuwa anakaa hapo hapo ulipokaa."

Mahona akakifumbata kidole gumba chake kwa mkono wa pili, akakibana.

"Halafu?" akaliuliza benchi.