Sikio la Bibi Liao

Tundu la sikio la Bibi Liao lilikuwa likizunguka kwenye skrini, limepindapinda kama tangawizi. Tsai-yun alikuwa akilichora kinyume: penye uwazi anaweka umbo, penye nyama anafuta. Miaka kumi na moja anachonga vipande vya kuingiza sikioni, vya vifaa vya kusaidia kusikia, hapa mjini Chiayi, na sikio korofi namna hii hajapata kuliona.

"Dada, fanya juu chini kiwe tayari kabla ya Jumamosi," alisema Kuo-liang, mtoto wa bibi. "Mke wangu anaimba kwenye sherehe ya hekalu. Miaka mitatu anafanya mazoezi sebuleni, mama yupo palepale kwenye kiti, na hajasikia hata neno. Juzi mke wangu kalia kabisa."

"Vipimo vya hospitali vilisemaje?"

"Hamna kitu! Walimwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Hakubonyeza hata mara moja."

Bibi alikuwa akila mapera, akiutabasamia ukuta.

"Hebu msikie mwenyewe," Kuo-liang akatoa simu kwa fahari, akafungulia wimbo wa mkewe kwa sauti yote.

Lahaula! Tsai-yun nusura aangushe kipanya. Bibi Liao alifumba macho, akashika goti, midomo ikimtetemeka.

Maskini, anahisi mtikisiko wa meza tu, Tsai-yun aliwaza, na huruma ikamjaa. Akaapa moyoni kwamba Jumamosi bibi huyu atamsikia mkamwana wake, liwalo na liwe.

"MAMA! NAKUNUNULIA CHAI!" Kuo-liang alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Na wewe ulale salama, mwanangu," bibi akajibu kwa upole.

Kuo-liang akatikisa kichwa, akatoka.

Tsai-yun akarudi kwenye kazi yake. Umbo lilikuwa limekamilika, limejaa tundu lile kila kona bila mwanya. Kilichobaki ni kutoboa katikati yake njia nyembamba, ili sauti ya kifaa ipite iingie ndani. Akasogeza kishale.

Mkono wenye harufu ya mapera ukamshika kiwiko.

"Usitoboe, mwanangu," bibi alinong'ona, jicho likiwa mlangoni. "Niachie hivyohivyo, kizibe barabara, na cha sikio la pili vilevile. Sebuleni nimevumilia miaka mitatu, lakini Jumamosi wanaleta spika."