Paa la Chumba cha Tatu

Kuti la nne lilianguka juu ya kitanda cha Hindu, likifuatwa na masizi na vumbi. Hindu aliikung'uta shuka, akaketi palepale.

Juu ya paa, Bwana Gharib, mwenye nyumba ile ya vyumba sita mtaani Maweni, Malindi, alikuwa akikata kamba za makuti kwa kisu. Ilikuwa Aprili ya mwaka 1986, na wingu la masika lilikuwa limekwisha kutanda.

"Teremka, mwanamume usiye haya!" alifoka Dorcas kutoka uani. Alikuwa amehamia chumba cha pili siku iliyotangulia, akitokea Mnarani, wala hakupata kuona udhalimu wa namna ile. "Mvua yaja, nawe wanyonyoa paa la mwanamke kama kuku?"

"Nimekwisha kumwambia mara tatu, mbele ya mashahidi," alijibu Gharib pasipo kugeuka. "Ya nne haina haja. Ijumaa naingiza mwingine."

"Sitoki," Hindu alisema kutoka ndani, kwa sauti kavu. "Miezi mitatu ni haki yangu. Leo ni siku ya tisa tu."

"Umesikia?" Dorcas alipiga kelele. "Hata muda aliopewa haujaisha!"

Wapangaji wengine watatu waliinamia majiko yao. Dorcas aliwageukia.

"Nanyi mwatazama vyungu! Kesho ni zamu yenu!"

"Mwanangu, usijitie," alisema Bi Batuli, mkubwa wao. "Hayo yana wenyewe."

"Basi na mimi ni mwenyewe!"

Dorcas aliikamata ngazi kwa mikono miwili, akaivuta, akaitupa chini. Gharib alitukana mpaka sauti ikamkauka. Hakuna mwanamke aliyekwenda kuiinua.

Matone ya kwanza yakaanza kupiga. Dorcas aliingia chumbani na mkeka wake mwenyewe, akalifunika godoro, kisha akamshika Hindu bega.

"Niambie, dada, mumeo yuko wapi? Kikambala? Lamu? Nitakwenda kwa miguu yangu nimlete, aje amtie adabu dhalimu huyu!"

Hindu aliinua macho kwenye tundu la paa, ambako nyayo mbili zilizolowa zilining'inia, zikipapasa pa kukanyaga.

"Usijisumbue na safari," alisema. "Miguu hiyo ndiyo yake."