Karibu ya Mazoea

Mashavu alikuwa ameinamia chapati na maharage yake mgahawani kwa Bi Chausiku wakati kivuli cha mtu kilipoziba mlango. Neno likamtoka kabla hajanyanyua macho, kama linavyomtoka yeyote anayekutwa akila: "Karibu tule."

Kwa kawaida mtu hujibu "starehe" akapita zake. Huyu alinawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, akavuta kigoda, akaketi mbele yake. Alikuwa Hemedi, mdogo wake, ambaye hata kwenye mazishi ya mama yao hakuonekana.

"Asante, dada," alisema, akashika chapati yake.

Mashavu aliidaka upande wa pili. "Sikukukaribisha wewe."

"Umesema karibu. Watu wote wamesikia."

"Nilidhani ni mtu!" Bi Chausiku aliacha kukaanga, walaji wakatumbulia macho vikombe vyao. "Mama mgonjwa hoi, na kila jioni anakufunikia sahani ya chakula. Anatuambia, 'Msiondoe, Hemedi yuko njiani!' Mimi ndiye niliyekuwa nakimwaga asubuhi, kimechacha. Leo ndiyo umesikia njaa?"

"Niliogopa kumwona amelala vile," alisema Hemedi.

"Na mimi je? Mimi niliyemwosha, sikuogopa?"

Hemedi hakuiachia chapati. Mashavu naye hakuiachia. Ilianza kuchanika katikati, polepole, juu ya maharage yaliyokwisha kupoa, na vidole vya wote wawili, virefu kama vya mama yao, vikazidi kukaza.